Taji Juu ya Mkono wa Sajini

Taji ni vazi la kichwa. Hivyo ndivyo ajuavyo kila mwenye kusema Kiswahili, mtoto na mzee, wa mjini na wa shamba. Walakini katika Jeshi la Wananchi wa Tanzania yuko mtu ambaye taji lake halikupata kukaa kichwani. Lilikaa juu ya mkono wa nguo, juu ya tepe tatu. Na lilipobanduliwa pale likahamia katika jina lake. Mtu huyo huitwa Sajini Taji. Yu juu ya Sajini na chini ya Afisa Mteule, na aghalabu ni mtu wa makamo, mwenye miaka mingi kazini, anayewajua askari wa kombania yake kwa majina, kwa tabia na kwa matatizo ya nyumbani kwao.

Tanganyika ilikuwa jamhuri tarehe 9 Desemba 1962. Unguja na Pemba ufalme ulikoma Januari 1964, na mwezi Aprili mwaka ule ule nchi mbili zikawa moja. Tangu wakati huo hapana mfalme wala malkia mwenye haki ya kumpa mwananchi wa Tanzania alama ya enzi yake. Hata hivyo askari hupandishwa vyeo, na kila afikaye daraja hiyo hupokea, pamoja na heshima aliyoistahili, jina la pambo la mtu asiyemtumikia.

Jambo hili lina makundi mawili ya watu walioliangalia, na makundi yote mawili yamekosea. La kwanza husema kwamba majina yote ya vyeo ni nguo za kuazima, yapasa kuvuliwa yote, kuanzia Koplo hata Jenerali. La pili husema kwamba jina ni sauti tu. Askari hapigani kwa jina, basi na yaachwe yote kama yalivyokutwa. Kundi la kwanza lakata mti mzima kwa ajili ya tawi moja bovu. La pili laliacha tawi bovu kwa kuwa mti ungali umesimama. Ukweli hauko kwa hao wala kwa hawa. Jina la kigeni si aibu kwa jeshi la taifa, ikiwa jina hilo lataja kazi. Aibu ni jina, liwe la kigeni au la nyumbani, ambalo humtaja bwana aliyekwisha ondoka. Sajini Taji ni jina la namna hii ya pili, na lapasa kubadilishwa.

Anayedhani kwamba alama za vyeo ni mapambo tu na ajaribu kuzisoma. Zina sarufi yake, wala si sarufi ngumu. Katika mtindo wa Uingereza, ambao majeshi ya Afrika ya Mashariki yaliurithi, nyota moja begani ni Luteni Usu, mbili ni Luteni, tatu ni Kapteni. Nyota zikikoma, huja taji: taji peke yake ni Meja, taji na nyota moja ni Luteni Kanali, taji na nyota mbili ni Kanali. Mkononi tepe moja ni Koplo Usu, mbili ni Koplo, tatu ni Sajini. Tepe tatu zikiwekewa taji juu yake, mtu amevuka Sajini. Askari mgeni ambaye hajapata kumwona mkubwa wake humtambua kwa mbali, kabla ya sauti kufika, akajua la kutenda. Alama hizi ni maandishi yasomwayo hata na asiyejua kusoma, na hiyo ndiyo nguvu yake.

Uchina ilijaribu kuwa na jeshi lisilo na maandishi hayo. Mwaka 1965 ilifuta vyeo na alama zake kwa nia ya kuleta usawa kati ya mkubwa na mdogo. Mwaka 1988 ikavirudisha. Nia ya usawa ilikuwa njema, lakini amri hutaka mtoaji ajulikane na mpokeaji ajulikane, na jeshi kubwa haliwezi kuishi kwa kutambuana kwa sura. Basi hoja ya kuondoa vyeo haina haja ya kujadiliwa zaidi. Jeshi litakuwa na alama, na alama zitasema. Swali lililobaki ni moja tu: zinasema nini, na zinasema kwa niaba ya nani?

Swali hilo lilikuwa na jibu la wazi sana wakati wa ukoloni. Jeshi lililoundwa mwaka 1902 na kuitwa King's African Rifles, au KAR, lilimtaja mwenye mali katika neno la kwanza la jina lake: lilikuwa la Mfalme. Ndani ya jeshi hilo mwili wa askari ulikuwa ramani ya utawala. Mkono ulikuwa mahali pa Mwafrika, bega lilikuwa mahali pa Mwingereza. Mwafrika alipanda mkononi, tepe juu ya tepe, mpaka Sajini, mpaka Sajini Meja. Na hapo ngazi ilikwisha. Nyota za begani zilitolewa kwa kamisheni, na kwa muda ulio mrefu wa maisha ya KAR kamisheni haikuwa ya Mwafrika. Mtu aliyetumika tangu ujana wake, aliyepigana Uhabeshi na Burma, alisimama wima na kumpigia saluti kijana aliyeshuka melini juzi, kwa sababu ya nyota moja iliyokuwa bega la kijana yule.

Katika miaka ya 1950 ulitafutwa ujanja wa katikati. Waafrika wateule walipewa cheo cha efendi, kikawekwa juu ya kila mwenye tepe na chini ya kila Mwingereza mwenye nyota. Ngazi ilirefushwa kwa kipandio kimoja ili isifike juu. Hapo msomaji na aamue mwenyewe kama alama zilikuwa mapambo. Pambo halihitaji mpaka. Kilichowekewa mpaka kwa uangalifu kiasi kile kilikuwa kitu chenye maana kubwa, na waliouweka mpaka walijua maana yake.

Uhuru ulipokuja mpaka ule haukuanguka siku moja. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha bendera na Mwenge wa Uhuru juu ya kilele cha Kilimanjaro. Tendo hilo husimuliwa kila mwaka, na ni haki lisimuliwe. Lisilosimuliwa ni kwamba kwa sheria ya usiku ule Tanganyika ilipata uhuru ikiwa chini ya Malkia wa Uingereza, na kwamba jeshi la luteni huyo lilikuwa ni vikosi vya KAR vilivyobadilishwa jina vikaitwa Tanganyika Rifles, na maafisa wake wengi walikuwa Waingereza wale wale. Kwa mwaka mmoja kamili, toka Desemba 1961 hata Desemba 1962, taji la mkono wa sajini lilikuwa na mwenyewe kisheria. Baada ya hapo halikuwa na mwenyewe tena, lakini mabega yalibaki ya Waingereza.

Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi. Madai yao makubwa yalikuwa mawili: mshahara, na kuondolewa kwa maafisa wa Kiingereza ili Waafrika washike mahali pao. Uasi wa askari hauna utetezi. Mwenye silaha ya umma akiielekeza kwa umma amevunja ahadi ambayo hakuna dai liwezalo kuiunga tena. Serikali iliingia katika fedheha ya kuomba msaada kwa mtawala wa jana, na tarehe 25 Januari majeshi ya Uingereza yaliuzima uasi huo. Jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi. Lakini kukataa tendo si kukataa kuona sababu. Moja katika sababu zake ilikuwa ni mpaka kati ya mkono na bega. Wale wasemao kwamba majina na alama za vyeo ni mambo madogo na wakumbuke kwamba taifa changa lilitikisika, miaka miwili tu na wiki chache baada ya uhuru, na katikati ya mtikisiko ule lilikuwamo swali la nani avae nyota.

Sasa na lisikilizwe kundi la kwanza, wale watakao kuvua yote. Neno lao ni methali: mwacha asili ni mtumwa. Hutaka Kanali aitwe Akida, Jenerali aitwe Jemadari, Sajini aitwe Shaushi, na Koplo aitwe Ombasha, kwa kuwa maneno hayo ni ya zamani katika Kiswahili. Nia yao ni ya heshima, lakini ushahidi wao huwageukia wenyewe.

Ombasha na shaushi ni Kituruki. Ombasha maana yake ni mkuu wa watu kumi. Maneno hayo yalifika pwani mwaka 1889, wakati Hermann von Wissmann alipotumwa na Ujerumani kuwapiga watu wa Abushiri bin Salim, akaajiri Misri Wasudani karibu 600 waliokuwa wametumika katika jeshi la huko. Askari hao walikuja na vyeo vyao midomoni, na jeshi la Wajerumani likavitumia hata mwisho wake. Mwaka 1917 Waingereza walikiunda upya kikosi cha 6 cha KAR kwa kuwatwaa askari waliokuwa wamewatumikia Wajerumani. Na mtu aliyelala ombasha aliweza kuamka koplo, mkono ukiwa ule ule na tepe zikiwa nyingine. Je, lipi hapo ni asili? La Kituruki lililoletwa na Mjerumani, au la Kitaliano lililoletwa na Mwingereza?

Akida lina habari nzito zaidi. Ni neno la Kiarabu, na katika majeshi ya nchi za Kiarabu hata leo ni cheo cha kanali. Pwani ya Afrika ya Mashariki akida alikuwa mkuu wa askari. Wajerumani walilitwaa jina hilo wakalivisha kazi nyingine: akida akawa mtawala mdogo wa wilaya, mkusanyaji wa kodi na msimamizi wa kazi za lazima. Watu wa kusini walioshika silaha katika Vita vya Maji Maji, mwaka 1905 hata 1907, walikuwa na kisa na akida kabla hawajawa na kisa na Gavana. Neno lililopita mikono hiyo halikutoka safi. Anayelitaka kwa cheo cha kanali kwa sababu ni la zamani amesahau kuuliza zamani yake lilimtumikia nani.

Jemadari ndilo la kuchekesha kuliko yote. Katika jeshi la Uhindi chini ya Waingereza, jemadari alikuwa afisa wa daraja la chini kabisa miongoni mwa maafisa wa Kihindi. Neno hilo lilivuka bahari likafika kwa Waswahili, na Waswahili wakampandisha cheo: jemadari wa Kiswahili ni mkuu wa majeshi yote, mtu wa tenzi na wa vita vikubwa. Lugha yenye uwezo wa kumtwaa afisa mdogo wa watu wengine ikamfanya amiri wa watu wake si lugha dhaifu, wala haina haja ya kuogopa wageni. Kiswahili ni nyumba yenye mlango mpana. Ajaye hupewa mkeka, na akikaa vyema hupewa ukoo.

Kwa hiyo swali si neno limetoka wapi. Swali ni neno linafanya kazi gani. Yakitazamwa hivyo, majina mengi ya vyeo vya sasa hayana kosa. Luteni, katika Kifaransa alikotoka, ni mtu ashikaye mahali pa mwingine, ni naibu. Kapteni latokana na neno la Kilatini lenye maana ya kichwa. Kanali ni mwenye safu. Jenerali ni mwenye madaraka ya jumla. Na Sajini, jina ambalo vijana wa kuruta hulitetemekea, asili yake ya Kilatini ni mtumishi. Hayo yote ni majina ya kazi: kushika mahali, kuongoza, kupanga safu, kutumika. Jamhuri yoyote yaweza kuyatumia bila kuinama. Na pale Kiswahili kilipojitungia chenyewe, kilitunga vizuri: katika Afisa Mteule neno mteule ni la Kiswahili chenyewe, na lasema jambo la kweli, kwamba mtu huyu amechaguliwa kutoka miongoni mwa wenzake.

Katikati ya majina hayo ya kazi limesimama moja lisilotaja kazi. Sajini Taji halitafsiri jina la Kiingereza, maana katika jina la Kiingereza la cheo hicho hamna taji. Ni jina lililozaliwa na jicho. Askari wa Kiafrika walimtazama mtu mwenye tepe tatu na taji juu yake, wakasema walichokiona. Kwa hakika ni jina la watu werevu, lenye ufupi na picha, na lau majina yangepimwa kwa uzuri peke yake lingestahili kubaki. Lakini hao walioliunda waliandika kwa neno mbili ukweli wa hali yao: huyu ni mtumishi, na mtumishi huyu ana chapa ya Mfalme. Sajini ni mtumishi. Taji ni bwana. Jina zima ni hati ya umilikaji.

Watetezi wa jina hili wana hoja tatu, na haki ni kuzijibu zote.

Hoja ya kwanza ni ya neno afande. Husema: neno hilo nalo latokana na efendi, na efendi kwa Waturuki ni bwana. Mbona hutamkwa kila dakika katika kila kambi, na raia humwitia hata polisi wa njiani, wala hapana anayelilalamikia? Jibu liko katika tabia ya lugha yenyewe. Yako maneno yaliyosahau yalikotoka, na yako maneno yanayokumbuka. Afande limesahau. Asemaye afande hasikii Kituruki wala hamwoni bwana wa Istanbul. Asikia heshima ya kijeshi, basi. Neno lililosahau namna hiyo limekwisha kuwa huru, na aliyelikomboa ni kinywa cha watu. Taji halikusahau, wala haliwezi kusahau, kwa kuwa linaishi nje ya kambi pia, na maana yake ni ile ile. Mtoto wa darasa la kwanza akisikia taji humwona mfalme. Neno lililo wazi hivyo husema kila litamkwapo, apende asipende anayelitamka.

Hoja ya pili ni kwamba taji si la wafalme peke yao. Liko taji la maua, liko taji la ushindi, na mchezaji aliyeshinda husemwa ametwaa taji. Basi sajini naye na avikwe taji la utumishi wake. Hoja hii ni nzuri kuisikia, lakini haina historia. Taji lililokuwa juu ya tepe tatu halikuwa la mshindi yeyote. Lilikuwa mali ya mtu mmoja aliyejulikana kwa jina. Ushahidi ni kwamba lilibadilika umbo kila lilipobadilika jina hilo. Mfalme George wa 6 alipofariki mwaka 1952, binti yake Elizabeth alichagua umbo jingine la taji, na alama za majeshi yake zikabadilishwa kulifuata. Mwaka 2022 Charles wa 3 aliporithi, akachagua jingine tena, na majeshi yake yakaanza kubadili alama upya. Taji la utumishi lisingebadilika kwa kifo cha mtu mmoja huko London. La umilikaji ndilo libadilikalo mwenye mali abadilikapo.

Hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu kuliko hizo, nayo ni mazoea. Jina limezoeleka kwa miaka mingi. Wako wazee waliostaafu nalo, limeandikwa katika vyeti na juu ya makaburi. Kulibadili ni kuwavunjia heshima. Mazoea yana taabu, ni kweli. Lakini jeshi hili lenyewe limekwisha onyesha jinsi mazoea yavunjwavyo bila kumvunjia mtu heshima. Kambi ya Colito ilikuwa na jina la mahali katika Uhabeshi, kwa kumbukumbu ya mapigano ya mwaka 1941 ambayo askari wa kikosi cha 6 cha KAR walipigana na Waitaliano. Walikuwamo Waafrika katika mapigano yale, na walikuwa mashujaa. Hata hivyo kambi ilipewa jina la Lugalo, mahali ambapo tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa Mkwawa waliliangamiza jeshi la Wajerumani na kumwua mkuu wake, Emil von Zelewski. Hapana aliyesema kwamba waliokufa Colito wametukanwa. Watu walielewa kwamba lango la kambi ya taifa lapasa kutaja jambo la taifa. Basi kama lango lilistahili kubadilishwa jina, mtu apitaye langoni kila asubuhi astahilije kuachwa na lake la zamani? Jiwe lilifikiriwa kabla ya mtu.

Tena wako wanaomaliza mabishano kwa kusema kwamba cheo ni tendo, si jina, na kwamba shujaa ni shujaa hata akiitwaje. Maneno hayo ni kweli nusu. Idi Amin alipata uefendi wa KAR mwaka 1959. Mwaka 1975 alikuwa amejipa cheo cha fildi mashali, na akajivika jina la mshindi wa Dola ya Uingereza. Jina lisilo na kazi nyuma yake halikumkinga mwaka 1979, na Kampala iliangukia mikononi mwa Watanzania na wenzao wa Uganda tarehe 11 Aprili. Hilo lathibitisha kwamba jina bila tendo ni upepo. Lakini halithibitishi kinyume chake, kwamba tendo halina haja ya jina. Sajini aliyevuka mto Kagera kuingia Uganda katika vita ile hakuwa akimtumikia mfalme yeyote. Alitumwa na jamhuri, akalinda ardhi ya jamhuri, na mkate wake ulitoka katika kodi ya mkulima wa pamba na wa kahawa. Tendo lake lilikuwa la raia huru. Kwa nini jina lake lishuhudie uongo?

Badala yake liwe nini? Lugha haikosi neno. Jeshi la Polisi limekuwa na Kamishna Msaidizi Mwandamizi, na neno mwandamizi limezoeleka katika ofisi za serikali kwa mtu aliyetangulia wenzake kwa daraja na kwa uzoefu. Sajini Mwandamizi ni jina la kazi na la umri wa kazi; lasema kwamba mtumishi huyu ametumika zaidi, na ndivyo alivyo. Atakayesema ni refu kwa mdomo wa gwaride na ahesabu silabi. Sajini Taji lina tano, Sajini Mwandamizi lina saba; na Afisa Mteule Daraja la Kwanza, ambaye urefu wa jina lake wawashinda wote wawili, hajapata kukosa kuitikia kwa sababu ya urefu huo. Ikiwa askari wenyewe wana jina jingine lililo bora, na walitoe. Wao ndio waliolitunga lile la kwanza kwa macho yao. Wana haki kuliko mwanachuo yeyote ya kulitunga la pili, na macho yao sasa huona alama za Jamhuri mahali palipokuwa na za Mfalme.

Kazi hii ina wenyewe. Makao Makuu ya Jeshi yana mamlaka ya vyeo, na Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, lina mamlaka ya istilahi. Wanafunzi na walimu wa lugha nao wana sehemu yao, nayo ni kuacha kuyachukulia maneno ya jeshi kama mzigo wa watu wengine. Tenzi za vita za kale zimechambuliwa neno kwa neno katika vyuo. Lugha ya askari walio hai haijapata bahati kiasi hicho, ingawa ndani yake mna Uturuki na Uhindi, mna Wissmann na Mkwawa. Wala kulibadili jina si kulifuta. Kamusi haiui neno. Huliandika, ikasema ni la kale. Ombasha yumo humo, na shaushi yumo, wamepumzika. Sajini Taji anastahili kupumzika pamoja nao, na habari yake isimuliwe kwa ukamilifu: nani aliyemvisha, nani aliyemwita hivyo, na lini taji lilikosa mwenyewe.

Kwa maana siku moja, katika darasa la kambi, kuruta atanyosha mkono aulize: taji hili la nani? Swali hilo si la utovu wa adabu. Ni swali la raia. Mwalimu wake, akiwa mtu mkweli, hatakuwa na jibu ila moja: kwamba lilikuwa la Mfalme wa Uingereza, na kwamba hapana aliyekumbuka kuliondoa. Jibu hilo halimfai kuruta aliyekwisha apa kuitumikia Jamhuri, na halimfai hata zaidi mzee wa tepe tatu asimamaye mbele yake, aliyetumika maisha yake yote chini ya bendera nyingine.